Kichwa, Mota na Mkanda: Mwongozo wa Vyerehani vya Kiwandani kwa Mafundi wa Nyakato

Ukisimama mchana nje ya karakana ya ushonaji Nyakato, utasikia sauti mbili. Ya kwanza ni ya mshono wenyewe: inapanda, inakatika, inapanda tena. Ya pili ni muungurumo usiokatika, ambao upo hata fundi anapompima mteja, anapokata kitambaa au anapotoka kufuata chai. Hiyo ya pili ni mota ya klachi. Inazunguka tangu swichi ilipowashwa asubuhi, na mita ya LUKU inahesabu.

Mwongozo huu ni kwa fundi anayetoka kwenye cherehani ya miguu, au ile nyeusi ya nyumbani iliyofungwa kimota pembeni, na sasa anataka mashine ya kiwandani. Utamfaa pia mwenye karakana ya mashine tatu au nne ambazo moja kati yao haiishi kusumbua. Msimamo wake ni kwamba mashine ichaguliwe na kazi iliyopo mezani na umeme uliopo ukutani. Jina la kampuni na kasi iliyoandikwa kwenye katalogi vitafuata baadaye. Wengi wetu tulianza kinyume, na gharama yake tunaijua.

KAZI KWANZA

Mwanza ina kazi za kushona za kila namna. Desemba na Januari ni sare za shule: mashati meupe, sketi za bluu, kaptula za kaki. Viwanda vya kuchakata sangara vinataka makoti meupe na kofia. Migodi ya upande wa Geita inataka ovaroli nzito zenye tepe ya kung'aa. Wakulima wa pamba wakishalipwa, vitenge na sare za harusi huja kwa mkupuo. Kisha kuna kazi ambazo fundi wa nguo huzikubali kwa kuona haya kukataa: turubai la lori, kiti cha bodaboda, begi la mvuvi wa Ukerewe. Hakuna kichwa kimoja kinachozimudu zote hizo. Muuzaji anayekuambia kipo, ana kichwa kimoja tu dukani.

Kabla ya kwenda kununua, chukua daftari na kwa wiki mbili andika kila kazi iliyopita mikononi mwako: kitambaa gani, aina gani za mshono, na hasa ni tabaka ngapi mahali penye unene kuliko pote. Tabaka ndizo huwadanganya wanunuzi. Kaptula ya kaki ni kazi nyepesi mpaka ufike pale mshono wa pembeni unapokutana na mkanda wa kiunoni na lupu ya kupitishia mshipi. Hapo sindano inakuta tabaka saba au nane zilizobanwa, na hapo ndipo mashine inapopimwa.

Daftari likishajaa, uamuzi huwa rahisi. Kwa mashati, magauni na vitenge, mashine ya kawaida ya mshono mnyoofu ya vitambaa vyepesi na vya kati inatosha. Kwa kaki, jinsi na ovaroli, tafuta toleo la vitambaa vizito la mashine hiyo hiyo, ambalo meno yake ni makubwa zaidi na hatua ya mshono ni ndefu. DDL-8700 ya Juki, ambayo wengi wanaifahamu, hutolewa kwa namna zote mbili, na ile nzito huongezewa herufi H. Wanaonunua mashine iliyotumika mara nyingi hawaiangalii herufi hiyo, kisha wanalalamika kwamba kitenge kinajikunja chini ya kiguu au kaki haisogei.

Turubai na viti vinataka mashine ya ukoo mwingine kabisa, ile ambayo kiguu na sindano hutembea pamoja na meno, ili tabaka la juu na la chini yasogee sawa. Ukilazimisha turubai kwenye mashine ya mashati, litapita leo na kesho. Wiki ijayo utakuwa unatafuta mtu wa kurudisha ndoano ya chini mahali pake. Kama kazi hizo huja mara moja kwa mwezi, mpelekee jirani mwenye mashine yake mgawane malipo.

Mashine ya pili kununua, kwa maoni yangu, ni overloki. Wengi hununua mashine ya pili ya mshono mnyoofu, halafu nguo zote zinapanga foleni kwa jirani kusubiri kufungwa kingo. Overloki ya nyuzi tatu hufunga ukingo tu. Ya nyuzi nne huunga na kufunga kwa pamoja, na inafaa kwa fulana na jezi zinazovutika. Ya nyuzi tano hushona mshono wa mnyororo na kufunga ukingo kwa mpigo mmoja, na ndiyo ya ovaroli na sare. Anayeshona sare kwa wingi aende moja kwa moja kwenye nyuzi tano.

KUKAGUA KICHWA KILICHOTUMIKA

Vichwa vingi vinavyofika Nyakato vimeshafanya kazi kiwandani kwingine. Hilo si kosa, kwani kichwa cha kiwandani kikitunzwa huishi miaka mingi. Lakini sahani ya jina hufungwa kwa skrubu mbili tu, kwa hiyo usiisome kama hati ya kiwanja. Soma chuma.

Zima umeme, toa mkanda, zungusha gurudumu la mkono polepole. Linapaswa kwenda laini mzunguko mzima. Likigoma mahali pamoja kila mara, kuna kitu kimepinda au uzi umejizungusha ndani. Shika mti wa sindano uusukume mbele na nyuma. Ukicheza waziwazi, bushi zimelika. Angalia vichwa vya skrubu zilizo karibu na ndoano na meno. Skrubu zilizotafunwa na bisibisi ni ushahidi kwamba mashine imeshahangaishwa na wengi. Pitisha ukucha kwenye ncha ya ndoano inayoukamata uzi chini: ikikwaruza au ikiwa butu, itakata uzi na haitakoma. Tazama tundu la bamba la sindano. Tundu lililochanika pembeni linaonyesha sindano zilikuwa zikigonga hapo.

Laza kichwa uangalie beseni la mafuta. Mafuta meusi mazito yenye vumbi la uzi yanaeleza historia ya mashine vizuri kuliko muuzaji. Kisha rudisha mkanda, washa, na ushone vitambaa ulivyokuja navyo mwenyewe. Usikubali kipande cha pamba laini kilichowekwa pale kwa ajili ya wateja. Nenda na kitenge, kaki iliyokunjwa mara nne na kipande cha fulana. Shona mbele, shona kurudi nyuma, ongeza kasi, punguza. Mshono wa kurudi ukiwa mfupi kuliko wa kwenda kwa tofauti kubwa, kuna marekebisho ya kufanywa, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Swali la mwisho dukani ni la vipuri: bobini na kesi yake, ndoano, meno, sindano. Je, vinapatikana Mwanza mjini au vinaagizwa Dar es Salaam? Mashine nzuri inayosubiri kipuri wiki mbili Januari ni hasara tupu.

MOTA

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mnunuzi hutazama kichwa na kuichukua mota kama mtu anavyochukua meza: ilimradi ipo.

Anza na kibati cha mota. Umeme wetu wa njia moja ni volti 230, hezi 50. Mota iandikwe 220, 230 au 240, na hezi 50. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuangalia mota iliyokuwa imetoa moshi dakika chache baada ya kuchomekwa. Kibati kilikuwa pale pale, kimefunikwa na vumbi na grisi: volti 110, hezi 60. Aliyeuza alikuwa amebadilisha plagi tu. Mota ya volti 110 unaweza kuilisha kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini transfoma haibadilishi hezi. Mota ya hezi 60 hapa kwetu itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, na itapata joto zaidi. Ikiandikwa 380 au 400, hiyo ni ya njia tatu, na kama huna umeme wa njia tatu iache hapo hapo.

Mota nyingi za klachi tunazoziona huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na nyingine, za mwendo wa pole, kama mara 1,425. Kasi ya kichwa hutokana na puli. Zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli ya mota, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli ya kichwa. Puli ya mota ya milimita 100 na ya kichwa ya milimita 70 zitakupa mishono takriban 4,070 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya kiwanda kinachoshona mashati elfu moja yanayofanana. Kwa fundi anayeshona kola moja, zipu moja, kisha anainuka kumpokea mteja, ni kasi ya kuharibu kitambaa. Badilisha puli ya mota iwe ya milimita 55, na mishono itashuka hadi kama 2,240, huku nguvu ya kutoboa ikiongezeka. Puli hukerezwa kwa fundi wa mashine ya kukereza, na mtaa wa viwanda vidogo wa SIDO uko hapa hapa Nyakato. Mpelekee puli ya zamani na kipimo cha shimo la mhimili, na ukumbuke kuisogeza mota au kununua mkanda mfupi zaidi.

Sasa tuurudie ule muungurumo. Mota ya klachi huzunguka wakati wote, na pedeli inachofanya ni kuukutanisha mzunguko huo na kichwa kupitia kifuniko cha koki. Mota ya sevo haizunguki mpaka ukanyage. Ukitaka kujua tofauti hiyo ina thamani gani kwako, ipime. Kwenye mita ya LUKU kuna taa nyekundu inayomweka, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1,000. Zima kila kitu, acha mota ya klachi peke yake ikizunguka bila kushona, uhesabu mimweko kwa dakika 6. Ukipata 20, mota inakula wati 200 bure. Ikikaa hivyo saa 5 kwa siku, ni uniti 1 kila siku, uniti 26 kwa mwezi wa kazi, kwa mashine moja. Zidisha kwa bei unayonunulia uniti, kisha kwa idadi ya mashine zako. Baada ya hapo swali la kununua sevo unalijibu kwa kikokotoo.

Sevo ina faida nyingine ambayo mafundi wakubwa huidharau mpaka waipate: unaweza kuifunga kasi. Mwanafunzi apewe mishono 1,000 au 1,500 kwa dakika na asiweze kuzidi hata akikanyaga kwa hofu. Yenye kitambuzi cha sindano husimama sindano ikiwa chini ya kitambaa, na kugeuza kona ya mfuko wa shati kunakuwa kazi ya sekunde moja.

Lakini sevo ina kisanduku chake cha kielektroniki, na kisanduku hicho hakipendi umeme wa kupanda na kushuka. Zile za bei ya chini nazo hukosa nguvu mwendo unapokuwa mdogo, kwa hiyo kwenye turubai zinasita tabaka la kwanza kabisa. Hapo tumia puli ya kupunguza mwendo kati ya mota na kichwa, au baki na klachi yenye puli ndogo. Mashine ambazo mota imejengwa ndani ya kichwa, zenye kukata uzi zenyewe, ni nzuri kwa anayeshona kazi moja kwa wingi. Kadi yake ikiungua, bei yake inaweza kukaribia bei ya kichwa kilichotumika. Kwa karakana ya kazi mchanganyiko, hukumu yangu ni kichwa kizuri cha kawaida, sevo ya wati 550 ya njia moja, na ile klachi ya zamani ihifadhiwe chini ya meza kama akiba.

Ukishafunga mota yoyote, hakikisha upande wa kuzunguka kabla ya kuweka uzi. Kwenye mashine ya mshono mnyoofu, juu ya gurudumu la mkono panakuja kwako. Kwenye overloki fuata mshale uliochorwa. Mashine ikizungushwa kinyume, mshono haushiki, na pampu haipandishi mafuta. Kichwa kinaweza kujisaga kikavu huku fundi akihangaika na tensheni.

UMEME WA UKUTANI

Karakana nyingi zimepanga vyumba vya maduka, soketi moja au mbili, na ekstensheni ndefu iliyoviringishwa kama kamba ya ng'ombe. Ekstensheni iliyoviringishwa hupata joto, hivyo ikunjue yote au inunue fupi. Pasi ndiyo mlaji mkubwa: inavuta wati 1,000 hadi 2,000, zaidi ya mashine kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo ipewe soketi yake. Ukiona mashine inapungua kasi kila pasi inapowaka, waya ni mwembamba au viungo vimelegea. Mita ya mkononi ya kupimia volti haina bei kubwa. Pima jioni, mashine zote zikifanya kazi. Volti zikishuka chini ya 200 mara kwa mara, sevo itazima au kuonyesha namba ya kosa, na klachi itachemka.

Umeme ukikatika, zima swichi ya kila mashine. Usisubiri urudi ukiwa umewasha, kwani ule mpigo wa kwanza ndio unaoua kapasita na kadi. Na sisi wa kando ya ziwa tuna radi kuliko wengi. Ngurumo za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, wakati karakana imefungwa, kwa hiyo kuchomoa plagi jioni kuwe sehemu ya kufunga mlango. Waya wa athi uwepo na ufanye kazi. Ukishika kichwa cha mashine ukahisi kinatetema kwenye ncha za vidole kama umegusa ngozi ya ngoma, acha kazi. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

VIGUU, FOLDA NA VINGINEVYO

Kiguu, meno na bamba la sindano ni familia. Bamba lenye tundu dogo na meno laini ni la kitambaa chepesi; tundu kubwa na meno makubwa ni la kitambaa kizito. Ukibadilisha kimoja ukaacha vingine, kitambaa chepesi kitasukumwa ndani ya tundu na sindano, au kaki itakwama. Anayeshona vitenge mwezi huu na ovaroli mwezi ujao kwenye kichwa kimoja, awe na seti mbili kamili ndani ya makopo mawili yaliyoandikwa.

Viguu vya kuanzia ni vitatu: cha zipu, cha kushona mshono wa juu kando ya ukingo kwa umbali ulio sawa, na cha plastiki laini kwa ajili ya ngozi ya kutengeneza na vitambaa vinavyonata. Sumaku ya kuongoza ukingo ni ndogo na rahisi, na kwa mwanafunzi inafanya kazi ya mwalimu. Iweke mbali na sindano na kiguu isije ikagongana navyo.

Folda ya bayasi inakunja utepe wenyewe ukingoni mwa kitambaa, na anayeshona shingo mia moja za fulana za michezo hawezi kuishi bila hiyo. Anayeshona shingo tatu kwa wiki atatumia muda mwingi kuipanga kuliko kuitumia. Upana wake hupimwa kwa utepe uliokatwa, unene wake kwa kitambaa halisi, na folda iliyotengenezwa kwa pamba nyembamba itakataa kaki. Nenda dukani na kipande cha kitambaa chako.

MATUNZO

Sindano ni nafuu kuliko kitu chochote kingine kwenye mashine, na ndiyo mafundi hubania. Kwanza ijue aina yake. Cherehani ya nyumbani hutumia sindano yenye ubavu bapa kwenye shina. Mashine ya kiwandani ya mshono mnyoofu kwa kawaida hutumia DB×1, yenye shina la mviringo. Overloki nyingi hutumia DC×27. Namba kubwa kwenye pakiti ni unene katika sehemu za mia za milimita: 90 ni milimita 0.9. Kitenge na shati hutaka 75 hadi 90, kaki na jinsi 100 hadi 110, turubai zaidi ya hapo. Kwenye mashine ya mshono mnyoofu, mfereji mrefu wa sindano utazame kushoto na uzi uingie kutoka kushoto. Kwa kuwa shina ni la mviringo, hakuna kinachokuzuia kuiweka ikiwa imegeuka kidogo, na kugeuka kidogo kunatosha kuruka mishono. Badilisha sindano kila siku mbili za kazi nzito, na kila inapogonga kitu kigumu, hata kama inaonekana nzima.

Mafuta yawe ya cherehani, meupe kama maji, mepesi. Mafuta ya injini ni mazito kwa pampu ndogo ya kichwa, mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na dizeli husafisha kisha huacha chuma kikavu. Beseni lina alama mbili, ya juu na ya chini. Mafuta yakae kati yake. Juu ya kichwa kuna kioo kidogo: mashine ikishona, uone mafuta yanaruka humo. Usipoyaona, zima mara moja, kisha tafuta sababu. Yakibadilika rangi, yamwage yote, futa beseni, weka mapya. Mashine mpya, au iliyokaa muda mrefu bila kazi, iendeshwe kwa kasi ya chini mwezi wa kwanza. Doa la mafuta kwenye shati jeupe la shule mara nyingi linatokana na mafuta mengi kwenye ndoano, na kuna skrubu ya kuyapunguza. Igeuze robo moja, shona kwenye karatasi au kitambaa chakavu, tazama tena.

Kila jioni toa kesi ya bobini, toa bamba la sindano, futa vumbi la uzi kwa brashi. Kupuliza kwa kompresa kunalipeleka vumbi ndani zaidi, na vumbi la pamba hunyonya mafuta kama utambi. Upande wa barabara ya Musoma vumbi la nje nalo huingia mchana kutwa, kwa hiyo funika mashine usiku kwa kitambaa. Nailoni hufunika pia, lakini wakati wa mvua hushikilia unyevu, na kutu huanzia kwenye bamba na mti wa kiguu.

Mkanda uubonyeze katikati kwa kidole: ushuke kama milimita 15. Ukibana zaidi, unakula bushi za kichwa na beringi za mota. Ukilegea, mashine inasita penye tabaka nyingi na fundi anadhani mota imekwisha. Mota ya klachi inayounguruma bila kuzunguka mara nyingi imekufa kapasita. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo usiishike kwa mkono mtupu. Ikizunguka lakini kichwa hakisimami ukiachia pedeli, koki imelika au imejaa mafuta.

Sasa jambo linaloniumiza macho kila wiki. Mashine inaruka mishono, na fundi anashika bisibisi. Anageuza tensheni ya juu, anageuza ya bobini, analaza kichwa, analegeza ndoano. Nikifika, nakuta matatizo matano pale palipokuwa na moja. Fuata mpangilio huu bila kuruka: badilisha sindano, pitisha uzi upya tangu mwanzo, toa bobini, angalia kama imejaa sawasawa, futa kesi. Ning'iniza kesi kwa uzi wake na uitikise kidogo: ishuke sentimita chache isimame. Ikidondoka imelegea, ikigoma imebana. Baada ya hayo ndipo uguse tensheni ya juu. Ndoano ni ya mwisho kabisa, kwa sababu nafasi kati ya ncha yake na sindano ni milimita 0.04 hadi 0.1, yaani karibu na unene wa karatasi ya daftari au chini ya hapo, na hilo halipangwi kwa kukisia jioni taa ikiwa hafifu.

USALAMA

Zima umeme kabla ya kuweka sindano, kutoa kesi au kugusa mkanda. Mota ya sevo iko kimya, na ukimya wake umewadanganya wengi: mguu ukigusa pedeli, inaondoka. Kifuniko cha mkanda na kinga ya vidole vibaki mahali pake; khanga na nywele ndefu zifungwe. Vipande vya kitambaa visirundikane karibu na pasi wala chini ya mota. Mwenye karakana aliyeajiri ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka asajili sehemu ya kazi na akinge sehemu za mashine zinazozunguka. Ukubwa wa chumba si udhuru.

DAFTARI LA MASHINE

Lile daftari la wiki mbili usilitupe. Geuza ukurasa, ipe kila mashine ukurasa wake: namba ya kichwa, aina ya sindano, kipimo cha mkanda, kipenyo cha puli, tarehe ya mafuta, kilichoharibika na kilichobadilishwa. Litundike kwa uzi kwenye mguu wa meza. Fundi wa matengenezo anayekuja akakuta daftari hilo hutumia nusu ya muda, nawe una haki ya kumlipa kwa muda huo. Na kabla hujanipigia mimi au mwingine yeyote, zima mashine, toa sindano, ipitishe ncha yake kwenye ukucha, weka mpya na ushone kipande kimoja. Ikiendelea kuruka, piga simu.